Mwaka wa Ufahamu, Al Thumama

Mwezi uliopita Meilin alipita Doha kwa siku tatu, kwenye mkutano wa wahandisi wa maji, na siku ya mwisho tulikula pamoja mtaa wa Abu Hamour, kwenye mgahawa mmoja wa Wahindi unaopika chapati nyembamba kama anazozipenda. Nilimwona akiingia kabla yeye hajaniona. Nilimwacha msichana wa miaka kumi na minane, miwani imefungwa kwa plasta ya kidonda. Sasa ni mtu mzima, ana koti la ofisini na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alikaa, akavuta orodha ya vyakula, akaisoma kuanzia juu hadi chini, ukurasa wa mbele na wa nyuma, ndipo akainua macho akaagiza kitu kilekile nilichojua ataagiza. Nilicheka mpaka mhudumu akageuka. Meilin naye akacheka, akasema, "Soma yote kwanza, kisha jibu. Si ndivyo ulivyonifundisha, dada?" Nilipanda basi kurudi kazini nikiwa nimeshiba, na njia nzima nilikuwa nimerudi kwenye ile nyumba ya mtaa wa Al Thumama, kwenye ule mwaka mmoja ambao ukiniuliza nilisoma wapi, ndio nitakaokutajia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Ya nyumbani Korogwe nayaruka, na ya njiani pia, kwa sababu hadithi hii inaanzia jikoni kwa watu. Kwenye fomu za wakala waliandika kwamba nasoma na kuandika Kiingereza vizuri, nami nikatia sahihi nikijua kabisa kwamba cheti changu cha kidato cha nne kina F upande wa Kiingereza. Kukizungumza nilikizungumza, kile cha kuokota: cha redioni, cha watalii, cha nyumba mbili nilizofanyia kazi kabla. Karatasi ndiyo iliyonishinda. Nikiona aya ndefu, macho yangu yalikuwa yakifika mstari wa tatu yanaanza kuogelea. Basi nikapelekwa kwa familia ya Kichina, mume mhandisi wa barabara aliyeondoka alfajiri na kurudi na vumbi kwenye nyusi, mke niliyemwita Madam, na binti yao mmoja. Nyumba ilikuwa chini ya njia ya ndege. Kila zilipokuwa zikishuka kwenda uwanjani vikombe viligongana kabatini, na sisi tulizoea kukata sentensi katikati, kungoja, na kuimalizia ndege ikishapita, kana kwamba mtu amepiga chafya tu.

Madam alikuwa mwalimu wa hesabu kwao, akaiacha kazi kumfuata mumewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiingereza chake kilikuja maneno matatu matatu: "Mchele mwingi sana." "Dirisha funga, vumbi." Hakuwa na rafiki hata mmoja Doha. Asubuhi alipanga viatu mlangoni, kisha akavipanga upya. Meilin aliletwa mwaka ule kwa sababu bibi aliyekuwa akimlea alifariki, na ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari, mwaka wa ule mtihani wao mmoja ambao watoto wote wa nchi yao huufanya na ambao ndio huamua nani anaingia chuo gani. Angesomea Doha kwa vitabu na kwa mwalimu wa kwenye kompyuta, kisha mwezi wa nne arudi kwao kujiandaa na kuufanya. Hesabu alikuwa anazipiga kama anakunywa maji. Kilichokuwa kinamwangusha ni ufahamu wa Kiingereza: vifungu vya habari, maswali ishirini, kila swali majibu manne, chagua moja. Makaratasi yalikuja kwa meli, boksi zima, na boksi lile lilikaa chini ya ngazi kama mgeni ambaye hakuna anayejua ataondoka lini.

Wiki ya pili Madam aliniita mezani baada ya chakula cha mchana. Meza yao ilikuwa ya duara, ina sinia la kioo katikati linalozunguka, ili kila mtu ajivutie bakuli bila kunyoosha mkono. Bakuli zilikuwa zimeondolewa. Juu ya sinia kulikuwa na karatasi mbili.

"Wewe unasoma Kiingereza," Madam alisema. "Kila siku, saa moja. Meilin anasoma kwa sauti, wewe unasikiliza, unasahihisha."

"Sawa, Madam," nilisema.

Alitoka akatuacha. Meilin akaanza kusoma, sauti moja, bila kupumzika kwenye nukta, na mimi nikaweka kidole kwenye karatasi yangu nikakisogeza polepole, nikitingisha kichwa kama nilivyoona walimu wakifanya. Akafika mwisho. Akanitazama kidole.

"Dada," alisema, "upo kifungu kingine."

Nilitazama. Yeye alikuwa amemaliza habari ya nyuki, mimi kidole changu kilikuwa katikati ya tangazo la kambi ya watoto. Nilimwambia ukweli, kwa sababu ukweli ulikuwa umeshaonekana: kwamba nasoma kwa shida, kwamba fomu ilidanganya na mimi nikaiacha idanganye, na kwamba mama yake akijua nitarudishwa kwa wakala. Meilin aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha. Halafu akatoa karatasi nyingine chini ya daftari na kunionyesha alama iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Maswali ishirini, amepata manane.

"Mama anadhani ni kumi na tano," alisema. "Usimwambie."

"Simwambii."

"Basi na mimi simwambii."

Tulipeana mikono juu ya sinia. Ndivyo tulivyoanza, watu wawili wenye siri mbili, na sijawahi kuwa na mwalimu mwingine niliyemwamini kama yule mtoto.

Ilituchukua kama mwezi kugundua kwamba tatizo lake na langu hayakuwa tatizo moja. Meilin alikuwa na maneno kichwani maelfu. Alikuwa ameyakariri kwa mpangilio wa alfabeti, ungemtajia lolote angekupa maana yake na tahajia yake na wingi wake. Lakini akiyakuta yamekaa pamoja kwenye sentensi hakuwa anajua yanafanya nini pale. Mimi kinyume chake. Nikikisikia kifungu kimesomwa kwa sauti, hata kama nusu ya maneno sikuyajua, nilijua nani anampenda nani na nani amekasirika. Nakumbuka kifungu kimoja cha mzee aliyekuwa akisambaza maziwa nyumba kwa nyumba. Amestaafu, lakini kila asubuhi anaamka na kutembea njia ileile, mikono mitupu. Swali: mzee anajisikiaje? Meilin akachagua C, ana hasira.

"Kwa nini hasira?" nilimuuliza.

"Mstari wa sita, 'alilalamika'. Kulalamika ni hasira."

"Alilalamikia mvua. Kila mtu analalamikia mvua. Soma tena pale anaporudi nyumbani."

Akasoma. Mzee alirudi kwa kupita njia ndefu.

"Mtu mwenye hasira hupita njia fupi," nilisema. "Huyu anawakosa watu wake. Ni B."

Aligeuza ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu. Ilikuwa B. Akauliza, kwa heshima kabisa, "Imeandikwa wapi?" Nikamwambia imeandikwa miguuni mwa yule mzee. Tangu siku ile tukawa na utaratibu. Mwalimu wake wa kwenye kompyuta alimfundisha asome maswali kwanza kisha awinde majibu kwenye kifungu, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha. Mimi nikamwambia asome yote kwanza, aache habari impate, ndipo aulizwe. Tukagundua pia mtego: jibu linalorudia maneno yaleyale ya kifungu mara nyingi limewekwa pale kumkamata mtu mwenye haraka. Yeye kwa upande wake alinipa maneno kumi kila siku, akayaandika kwenye vipande vya karatasi nikavibandika kwenye mlango wa friji, juu ya jiko, kwenye ndoo ya kudekia. Nilipiga deki nikijifunza neno la "kusitasita". Leo nikimsikia mgeni wa hoteli akilitamka, nasikia harufu ya sabuni ya limau.

Tulisoma pia kupitia vyakula. Madam aliniwekea sufuria yangu, mpya, akaifunga utepe wa kijani mpinini, na siku za kutengeneza vile viandazi vyao vya kukunja na kuchemsha alijaza vyangu kwa yai na majani ya vitunguu kabla hajagusa nyama ya nguruwe aliyopenda mumewe. Hakuwahi kulisema hilo. Nililiona tu. Nami nilipika chapati Jumatano, na Meilin alizila na mafuta yao ya pilipili, akikunja kama barua. Mezani nilimfundisha kusikiliza kile ambacho hakijasemwa, maana yale maswali ya "tunaweza kukisia nini" ndiyo yaliyokuwa yanamnyima alama. Jioni moja baba yake alipopiga simu kusema atachelewa, Madam alijibu maneno mawili ya Kichina na kuweka vijiti vyake chini, sambamba kabisa. "Amesemaje?" nilimuuliza Meilin kwa kunong'ona. "Amesema hakuna shida." "Ipo shida?" Meilin akavitazama vile vijiti, na taratibu uso wake ukafunguka. "Ipo," alisema. Wiki hiyo alipata kumi na tatu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Rafiki yangu alikuwa Achieng, Mkenya wa Kisumu, mlinzi wa lango la mtaa wetu, ambaye asubuhi ya Ijumaa alikuwa akienda kanisani Mesaimeer na mchana tunakutana Abu Hamour, kwenye kipande cha nyasi nyuma ya maduka. Meilin alinichapia nakala ya pili ya kila karatasi ili nijifanyie zoezi. Achieng akaiona mkobani.

"Hii ni nini?"

"Ufahamu. Wa watoto wa Kichina."

"Hebu lete." Akasoma, akakunja uso. "Wacha, hii swali iko na njama. Wameweka B na D zifanane makusudi."

Ijumaa iliyofuata alikuja na kalamu yake. Iliyofuata alikuja na wenzake watatu wa zamu, na mimi nikamleta Khamis, Mpemba aliyeendesha basi la shule. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa sita, tumekaa juu ya mkeka na chupa ya chai ya tangawizi, tumegawanyika watatu kwa watatu juu ya kama mwandishi anaziunga mkono baiskeli za umeme au anazikejeli. Achieng alisema anaziunga. Khamis alisema hata kidogo.

"Si amesema ziko tu sawa?" Achieng alimwambia.

"Kasema ziko sawa *kwa wenye kwenda pahala karibu*," Khamis alijibu, kidole kwenye mstari. "Huyo si kuzisifu, bibie. Huyo kazitoa njiani kwa adabu."

Watu wa familia za jirani walitugeukia wakidhani kuna ugomvi. Hakuna aliyekuwa ametuuliza nia ya mwandishi, wala yeyote wa kutupa cheti, na bado watu waliosimama langoni saa kumi na mbili mfululizo waliitumia siku yao pekee hivyo, wakicheka mpaka kushika mbavu. Nimehudhuria semina nyingi za kazi tangu hapo, zenye vitafunwa na viyoyozi. Sijaona tena darasa kama lile.

Mwezi wa pili ukaleta mtihani wa majaribio kutoka shuleni kwao. Meilin aliufanyia mezani, mlango umefungwa, Madam akishika saa. Mimi niliufanyia chumbani kwangu kwenye nakala ya ziada, nikaacha karatasi kitandani nikaenda kuanua nguo. Niliporudi jikoni Madam alikuwa amesimama karibu na meza, karatasi mbili mikononi, kalamu nyekundu sikioni. Alikuwa amezisahihisha zote mbili. Meilin amepata kumi na nne. Mimi nimepata kumi na sita.

"Hii mwandiko wako," alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Kaa."

Nilikaa. Nilifikiri juu ya begi langu, nikafikiri vitaingia vipi vitu vyote, na nikaona afadhali niseme mwenyewe. Nikamwambia yote, kwamba nilipoingia nyumba hii sikuwa naweza kusoma aya moja, kwamba binti yake ndiye aliyenifundisha, kwamba nilisaini uongo. Meilin alikuja akasimama mlangoni, uso mweupe, akaanza kusema kitu kwa Kichina, mama yake akainua mkono. Ndege ikapita. Vikombe vikagongana. Tulingoja watu watatu, hakuna anayemtazama mwenzake.

Madam akaiweka karatasi yangu kwenye sinia la kioo, akalizungusha taratibu mpaka karatasi ikasimama mbele yangu.

"Namba kumi na nne," alisema. "Meilin D. Mimi pia D. Wewe B, na B ni sahihi. Kwa nini B?"

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikaelewa alichosema: *mimi pia*. Alikuwa ameufanya mtihani naye, peke yake, kwa kalamu ya risasi, kama nilivyokuja kujua alivyoifanya kila karatasi tangu boksi lilipofika, akijifungia chumbani mchana sisi tukisoma. Nikamweleza kwa nini B. Nikamsomea aya ya mwisho kwa sauti, polepole, nikasimama pale ambapo mwandishi alisimama. Alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. Kesho yake baada ya chakula hakuondoka mezani. Alivuta kiti, akaweka kalamu yake ya risasi, na juu ya sinia kulikuwa na karatasi tatu.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika sauti. Madam hakuzungumza sana kwenye vipindi, alikuwa anakuna kidevu na kuandika, lakini alianza kuniuliza mambo jikoni, sentensi nzima nzima, na siku moja aliniomba tufuatane Ijumaa. Alikaa kwenye mkeka wetu na kofia pana ya jua, akakunywa chai ya tangawizi vikombe vitatu, akamsikiliza Khamis na Achieng wakibishana. Akasema neno moja tu siku hiyo. Achieng alipomuuliza, "Mama, wewe unaonaje?" alijibu, "Bado nafikiri." Achieng anamheshimu kwa jibu lile hadi leo.

Mwezi wa nne Meilin akaondoka. Alibandua vipande vya maneno kwenye friji akavitia kwenye bahasha, akaniachia kimoja tu, "kusitasita", akasema neno hilo nilijue tu, nisilifanye. Kazi ya baba yake ilikuwa inaisha katikati ya mwaka, na familia yote ingeondoka, nami nilihitaji pa kwenda. Achieng ndiye aliyesikia kwamba hoteli moja kubwa inatafuta watu wa mapokezi. Madam alisema ataandika barua ya kuniruhusu kuhamia mwajiri mwingine, na akaiandika mwenyewe kwa Kiingereza, aya mbili, akaniuliza niisahihishe. Nilibadilisha neno moja.

Kwenye usaili, msimamizi wa mapokezi, mama wa Kifilipino mwenye macho ya huruma, alinipa barua ya mgeni aliyelalamika, ukurasa mzima. Chumba kilikuwa kizuri, alisema mgeni, kitanda kizuri, chakula kizuri. Isipokuwa siku ya kwanza alisimama mapokezi muda mrefu na mtoto aliyelala begani. Halafu tena chumba, tena mandhari. "Anataka nini?" yule mama aliniuliza. Nilikuwa nimeisoma yote. Nikasema hataki chumba kingine wala chakula cha bure. Anataka mtu amwambie kwamba alionekana pale amesimama, na kwamba tunasikitika. Akaandika kitu kwenye faili langu, akaniuliza ninaweza kuanza lini. Nilitoka nje kwenye lile joto la mwezi wa tano, nikampigia Achieng kumwambia.

Mtihani wa Meilin ulikuwa mwezi wa sita. Siku chache baadaye majibu sahihi yakatolewa huko kwao, naye akapiga simu mchana. Mimi na Madam tulikuwa jikoni tunakatakata maharage mabichi, masanduku yamejaa ukumbini. Madam akaweka simu katikati ya meza, sauti juu.

"Kusoma," Meilin alisema, "nimekosa moja. Moja tu kati ya ishirini."

Madam aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akilia na hakulia siku ile, lakini alikaa hivyo muda, na mimi nikaweka mkono wangu juu ya wake, akauacha ukae.

"Ipi uliyokosa?" niliuliza.

"Kifungu cha tatu, swali la mwisho. Dada, nataka kujua kama wewe ungeipata. Nisikilize." Akakisoma chote, akipumzika kwenye kila nukta. Kilikuwa juu ya mji mdogo ambao saa ya mnara wake iliharibika, na baada ya mwaka wananchi wakaamua isitengenezwe. Kwa nini? A, kutengeneza ni kazi ngumu. B, wanapenda vitu vya kale. C, wamezoea kuulizana saa. D, kila mtu ana saa yake.

Nilifikiri. "B," nilisema.

"Nami niliandika B," Meilin alisema, akaanza kucheka. "Tumekosa wote."

"C," alisema Madam.

Meilin akaacha kucheka.

"Kwa nini C, Mama?"

Madam alikuwa amerudia maharage yake. Alivunja moja, akavunja jingine. "Mwandishi hasemi saa ni nzuri," alisema, kwa Kiingereza chake, bila haraka, ili sote wawili tumsikie. "Anasema tu watu wanasimama barabarani. Wanaongea. Zamani walipita." Akalisukuma bakuli upande wangu. "Nyinyi mnasoma saa. Mimi nimesoma watu."

Kutoka upande ule wa simu nilisikia Meilin akivuta pumzi. Halafu akasema, polepole, kwamba ni sahihi, ni C. Madam akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akaiinamia simu.

"Mwakani," alisema, "mtihani nafanya mimi."